Picha ya Sikukuu Imesema Kiswahili

3 Desemba

Mwanangu mpenzi, Kengele wangu,

Salamu zangu zikukute mzima, na kama una mafua basi zikukalie kifuani mpaka upone.

Sisi huku wote wazima. Nianze na baba yako kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba, ingawa akijua nimeanza naye atasema namzeesha. Hajambo, anakusalimia. Hakusema kwa mdomo, lakini nilipomwambia naandika barua alinyamaza, na unajua kunyamaza kwake kuna aina mbili. Hii ilikuwa ile nzuri. Dada yako hajambo, bado yuko na cherehani yake pale barazani, amenenepa, usimwambie nimesema. Mumewe yuko safarini na lori. Binti yao, Bi Mdogo wetu, amefika darasa la nne na sasa ananisahihishia herufi, kwa hiyo ukiona nimeandika vizuri ujue ni yeye, na ukiona nimekosea ujue amekwenda kucheza. Shangazi yako Redio hajambo mdomo, miguu ndiyo inamsumbua. Yule paka wa njano alikufa. Yupo mwingine wa njano, tunamwita jina lilelile ili baba yako asisumbuke kujifunza jipya. Saa ya ukutani nayo inakusalimia, inachelewa vilevile kama ulivyoiacha. Nyumba ya fundi saa, na saa haijui kinachoendelea.

Sasa neno lenyewe. Shangazi Redio ametangaza, na safari hii ni kweli maana nimeuliza pembeni, kwamba ile picha yetu ya sikukuu, ile ya nyimbo, ya mama mwenye nyumba ya wageni kando ya kituo cha treni, mwaka huu wataionyesha kwenye televisheni ikisema Kiswahili! Watu walewale, midomo ileile, lakini maneno yetu. Nilipomwambia baba yako akasema, "Kwani zamani ilikuwa haisemi?" Nikaendelea na kushona kwangu.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa. Baba yako kwenye kiti cha mbele akitutafsiria, mimi na sindano yangu, wewe na dada yako chini mkekani, majirani wamejaa mpaka mlangoni. Mama wa kwenye picha akifungua mdomo, baba yako naye anafungua wake. Tangu mwaka ule uliokuwa wa mwisho wako, hatujaiwasha tena. Sikulaumu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Njoo sikukuu hii, mwanangu. Tuitazame sote, isiyohitaji mtu wa kuitafsiri wala mtu wa kumsahihisha mwenzake. Macho ya baba yako yanamsumbua kidogo, ni vumbi la saa tu, usiwe na wasiwasi. Chumba chako kipo, nimekifagia.

Na ile foronya niliyokutarizia ulipoondoka, bado unailalia? Hukuwahi kuniambia kama ulicheka.

Ni mimi mama yako


12 Desemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe baba shikamoo yangu, na dada na shangazi na Bi Mdogo wasalimie. Mimi ni mzima, sina mafua.

Nashukuru kwa mwaliko. Hospitali haifungi sikukuu, mama. Ugonjwa hautazami kalenda, na mgonjwa asiyejua lugha ya daktari hawezi kungoja mkalimani arudi kutoka kwao. Nimewatumia kifurushi: matone ya macho ya baba na redio ndogo. Dada amsomee maelezo ya dawa, asikisie.

Mwaka huu pia sitakuja. Naomba tusilifungue tena jambo hili. Uliniambia waziwazi, nami nilitii, wala sina kinyongo. Anayeambiwa waziwazi ana nafuu kuliko anayezungushwa.

Picha mtaiona wenyewe. Lakini sijui kama ni vizuri baba aisikie. Labda mpunguze sauti.

Mwanao


27 Desemba

Mwanangu,

Salamu za watu wote utazidai baadaye, leo nimeshindwa kuzitanguliza.

Picha tumeiona. Niseme vizuri: tuliiona mimi na dada yako na Bi Mdogo. Baba yako aliisikia. Nilikudanganya, mwanangu, niliposema vumbi la saa. Jicho la kulia lilikwenda mwaka juzi. La kushoto linaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Daktari anasema tulichelewa kumpeleka. Saa za watu bado anazishika, anaweka sikioni, anamwambia mwenyewe hii springi imechoka, hii imeingia maji, na hakosei. Lakini kuifungua hawezi. Nilikuficha kwa sababu sikutaka uje kwa huruma. Nilitaka uje kwa hamu.

Hatukupunguza sauti. Ningepunguzaje, na masikio ndiyo macho yake sasa?

Basi ikaanza. Ule wimbo wa kwanza, wanapofagia ukumbi, baba yako alikuwa akituambia wanausifu usafi. Kumbe wanalalamikia mshahara! Bi Mdogo akacheka, nikamfinya. Wa pili, yule mpishi mnene anayefumba macho na kushika kifua, baba yako alikuwa akisema ni mapenzi yanamtesa, na shangazi yako alikuwa akitoa machozi kabisa, unakumbuka? Mpishi anaimba sufuria yake imetoboka. Dada yako alijifunika uso kwa khanga. Mimi nilikaa kama mtu ambaye sanduku lake linapekuliwa mbele za watu. Baba yako ameweka mikono juu ya magoti.

Kisha tukafika kituoni. Mama wa watu amesimama kwenye baridi, koti halijafungwa vifungo, mkono juu, na mwanawe dirishani mwa treni. Miaka yote ile baba yako alituambia anampungia kwaheri, anamwambia, "Nenda mwanangu, usirudi nyuma." Yaani songa mbele, usiogope. Nami nikilia kila mwaka, nikisema moyoni, mama jasiri huyu, siku yangu ikifika na mimi nitakuwa kama yeye.

Mwanangu, hampungii. Anaisimamisha treni. Anamwambia, "Kaa, mwanangu, treni zipo na kesho." Anarudia na kurudia, na kila akirudia sauti inapanda, na kijana hasikii kwa mlio wa treni.

Na yule mwenye ndevu anayeingia mwishoni na mizigo, wote wakaanza kucheza? Ambaye baba yako alisema ni mwana amerudi, amenenepa, amefuga ndevu? Si mwana. Ni mpangaji. Anapewa chumba cha mwana, na wote wanaimba wakimkaribisha. Mwana hakurudi. Mimi miaka yote nimekuwa nikishangilia mpangaji.

Ilipokwisha nilimtazama baba yako. Akasema, "Hii siyo. Wameibadilisha."

Nikasema, "Wameibadilisha, baba."

Dada yako akaenda jikoni kuosha vikombe visafi.

Kesho yake wakati wa chai ndipo alipoanza mwenyewe, hakuna aliyemuuliza. Akasema, "Lugha ile mimi sikuijua. Nilikuwa nawasikiliza kama ninavyosikiliza saa. Saa haisemi maneno, lakini mtu anajua inaumwa wapi." Nikamuuliza, na mama wa kituoni je? Akasema, "Nilimwona ameinua mkono. Mama yangu mimi aliinua mkono vile siku nilipokwenda kujifunza ufundi. Nikadhani wote huinua kwa sababu moja." Akanywa chai. Kisha akasema, "Yule mtoto alikuwa anasema kweli."

Nikamwambia, basi mwandikie. Akasema, "Kwa macho gani?" Ndiyo nimeandika mimi.

Siku ile uliposema, "Baba, hasemi nenda, anasema kaa," ulisema kwa adabu, nakumbuka, hata sauti hukuipandisha. Ni yule jirani yetu seremala ndiye aliyecheka na kusema, "Fundi, kumbe hata saa zetu unazitafsiri hivihivi?" Chumba kizima kikaanguka kwa kicheko, na baba yako akainuka akazima televisheni. Na mimi kati ya watu wote wale nilikutazama wewe kwa jicho baya. Mwenye kucheka nilimpa chai.

Asubuhi ulipoondoka nilikuwa na neno hapa kooni. Kaa. Lilikuwa hapahapa. Nikamkumbuka mama wa kwenye picha, nikalimeza. Ningejua kumbe naye alikuwa akipiga kelele kwa neno hilohilo!

Sasa nijibu jambo moja. Unasema nilikuambia waziwazi ukatii. Nilikuambia nini, mwanangu? Nimejipekua sijaona. Na habari ya foronya umeiruka kama haikuandikwa.

Wote wanakusalimia. Nimekwisha kusema kuwa utazidai, haya, hizo.

Mama yako


6 Januari

Mama,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako kwenye benchi la wodi, nikairudia, mpaka muuguzi akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni mpishi na sufuria yake. Nimecheka, mama. Nimecheka kisha nikaona haya kwa kucheka.

Ya macho ya baba sijui nisemeje. Ungeniambia jicho la kwanza lilipokwenda. Lakini ungeniambiaje, na mimi sikuwa nikiuliza.

Unataka kujua uliniambia nini. Uliniambia kwa sindano, mama. Ulinipa foronya pale kituo cha basi, imekunjwa ndani ya mfuko wake wa nailoni, maandishi yameelekea juu. Basi lilipoanza kwenda nikaisoma kupitia nailoni. NENDA MWANANGU USIRUDI. Uzi mwekundu, herufi kubwa, hata asiyejua kusoma angeelewa.

Sikuifungua. Sikuwahi kuilalia. Imehama nami nyumba hadi nyumba, ndani ya mfuko uleule, vilevile ulivyoikunja. Kila sikukuu naitoa sandukuni, naisoma, nairudisha. Niliona umeuchukua wimbo wa baba, umeukata mahali pa kunikata mimi. Nikasema, nilimwaibisha mumewe mbele ya watu, ana haki. Mama hajui kuandika mengi, lakini alichokiandika kinatosha.

Nikwambie na jingine. Kazi yangu ni kusema alichosema mwingine, nisipunguze, nisiongeze. Mwaka jana daktari alimwambia mzee mmoja kwamba hakuna tena la kufanya. Mzee hakumtazama daktari. Alitazama midomo yangu, kama sisi tulivyokuwa tukitazama ya baba. Nikafungua mdomo likatoka, "Daktari anasema hawatakuacha peke yako." Binti yake aliijua lugha ile, akanishtaki. Nilipewa onyo, na walikuwa na haki, mzee alitakiwa kujua. Nilipokuwa nasaini lile onyo nilimfikiria baba. Kumbe mtu anaweza kutafsiri vibaya kwa mapenzi.

Lakini wewe, mama. Mwaka ule ulisema usirudi. Sasa unasema njoo. Nishike lipi? Mimi ni mkalimani, na hapo nimeshindwa.

Mwanao


14 Januari

Kengele,

Bi Mdogo ndiye alikuwa akinisomea barua yako huku mimi nachambua mchele. Alipofika kwenye foronya nikamnyang'anya, nikaisoma mwenyewe, herufi moja moja, kidole juu ya karatasi, nikidhani mtoto amekosea. Hakukosea. Mchele nimeumwaga.

Mwanangu, umeisoma nusu.

Nisikilize. Mimi nilifundishwa kuandika nikiwa mtu mzima, pale darasa la jioni, na walitufundisha herufi kubwa kwanza, nami sikufika kwenye ndogo kabla hujazaliwa wewe. Ndizo hizo ninazojua kutarizi. Nilichora kwa chaki, NENDA juu, MWANANGU katikati, USIRUDI chini, nikaanza kushona, nilipokuja kushtuka kitambaa kimekwisha na neno limebaki moja. Kufumua ningefumuaje, basi lako lilikuwa la asubuhi. Nikakaa na foronya mapajani, nikakaribia kulia. Kisha nikacheka peke yangu jikoni. Nikasema, neno lenyewe lililobaki si ni NYUMA? Basi si likae nyuma!

Nikaigeuza, nikalitarizi upande wa pili, katikati kabisa. Kwa uzi wa kijani, maana mwekundu nao ulikwisha.

Nenda mwanangu, usirudi nyuma. Ndivyo nilivyoandika. Maneno ya baba yako yote, sikukata hata moja. Niliwaza, mwanangu atauvisha mto wake foronya huko ugenini, ataugeuza apate upande wa baridi, atalikuta neno, atacheka, atasema mama huyu ana vituko. Nilikungojea kicheko chako kwenye barua ya kwanza. Hakikuja. Kwenye ya pili ukaandika habari za hali ya hewa. Nikasema, mwanangu amekasirika hata mzaha wangu hautaki. Nikaona haya kukuuliza, mpaka Desemba hii ndipo nikauliza. Mimi huku nangoja ucheke, wewe huko umelala bila foronya. Miaka saba, Kengele, na neno lilikuwa mfukoni mwako!

Mwenye kulaumiwa ni nani, sijui. Mimi na herufi zangu kubwa kama milango. Kitambaa nacho, dada yako alikikata kifupi, lakini nikimwambia atalia, na amelia vya kutosha.

Nilimwambia baba yako. Alikuwa na saa ya mtu sikioni, akaitoa akaiweka mezani. Nikamweleza mbele, nikamweleza na nyuma. Akacheka, mwanangu, sijamsikia akicheka vile tangu picha ile, mabega yanatikisika. Kisha kicheko kikageuka, kikawa kingine, nikamshika mkono. Akasema, "Mimi nilikosea kwa mdomo, mke wangu, wewe umekosea kwa sindano. Mtoto wetu amelelewa na wafasiri wawili, wote lugha hawaijui."

Sasa hili nakuandikia, na sitaki kulificha kama lile la kwanza. Juzi asubuhi aliniuliza mbona sijafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi, jua limejaa kitandani. Nikamwambia nafungua sasa hivi, nikaenda nikalifunga nikalifungua ili asikie komeo. Na mimi nimetafsiri, unaona? Baadaye aligundua mwenyewe, alipolisikia joto la jua mkononi. Basi. Sura yako hataiona tena, mwanangu. Ungekuja mwaka juzi angeiona kwa jicho moja. Hilo hakuna wa kulirudisha, si wewe si mimi, na ndilo linaloniamsha usiku.

Lakini anataka picha. Yule dereva wetu, mume wa dada yako, ameipata kwenye kidude cha kuchomeka kwenye televisheni, sasa tunaweza kuiwasha siku yoyote, iwe sikukuu isiwe sikukuu. Baba yako anasema haiwashwi mpaka uje wewe, uketi kwenye kiti cha mbele, umtafsirie. Nikamwambia, "Si inasema Kiswahili sasa? Atakutafsiria nini?"

Akasema, "Mikono. Anieleze nani ameinua mkono, na kwa nini."

Chumba chako kipo. Hatujampangisha mwenye ndevu yeyote. Na kama wewe umefuga ndevu njoo nazo, baba yako atazipapasa, atajua amekuwa mtu mzima huyu.

Ukimaliza kusoma hapa inuka, usiangalie saa. Fungua sanduku, itoe ile foronya kwenye mfuko, ikunjue, uigeuze. Kama uzi wa kijani umepauka, utaona matundu ya sindano yangu. Kisha uniandikie upesi, mwanangu, upesi sana, usihangaike na salamu za mtu, hata shikamoo nakusamehe. Niandikie neno moja tu, lile ulilolikuta, nijue umelisoma, nami nianze kuhesabu siku mpaka basi lako lifike.

Ni mimi mama yako, mkono juu, na safari hii sikupungii